Bakora Hukaukia Kivulini

Katika jamii za Afrika Mashariki bakora ina kazi nyingi: mzee huiegemea anapokwenda msikitini au barazani, mchungaji huongoza mifugo kwa fimbo, wanaume wa Lamu huzishika bakora wakiwa wamejipanga safu katika ngoma ya goma wakati wa Maulidi, na viongozi wa umma nao wamewahi kujulikana kwazo, kama Mwalimu Julius Nyerere kwa kifimbo chake na Daniel arap Moi kwa rungu lake. Hata hivyo, mazungumzo kuhusu fimbo huhusu zaidi urembo wa mpini na hadhi ya mwenye kuishika, ilhali hatua inayoamua kama fimbo hiyo itadumu miaka 30 au itapasuka kabla ya mwaka kwisha hupita bila kutajwa. Hatua hiyo ni kukausha mti mbichi, yaani kuutoa maji polepole na kwa mpango baada ya kuukata na kabla ya kuuchonga, nayo ndiyo inayostahili subira kubwa kuliko kazi ya tupa, patasi na msasa inayoifuata.

Chanzo cha ugumu wote wa kazi hii ni maji. Mti ulio hai hufyonza maji ardhini na kuyapitisha katika mirija myembamba ya shina hadi majanini, kwa hiyo unapokatwa huwa umeyabeba kwa wingi ambao mtu asiyezoea kazi ya mbao hawezi kuukisia kwa macho. Wataalamu wa misitu hupima unyevu wa mti kwa kulinganisha uzito wa maji yaliyomo na uzito wa mti wenyewe ukiwa umekaushwa kabisa katika tanuri lenye joto la nyuzi 103 za Selisiasi. Kipande kilichokuwa na gramu 450 kilipokatwa, kikabaki na gramu 300 kilipotoka tanurini, kilikuwa na gramu 150 za maji, yaani unyevu wa asilimia 50. Miti yenye mbao nzito na zilizoshikamana, kama mpingo, huwa na nafasi ndogo ya kuhifadhi maji, ilhali baadhi ya miti laini hupita asilimia 100, maana yake maji yaliyomo ni mazito kuliko mti unaoyabeba.

Maji hayo yamo katika hali mbili ambazo fundi hana budi kuzitofautisha. Kuna maji huru, ambayo hukaa ndani ya uwazi wa mirija na seli, na kuna maji fungamani, ambayo yameshikwa ndani ya kuta za seli zenyewe. Maji huru hutoka kwanza, tena kwa urahisi, na yanapotoka mti hupungua uzito tu bila kubadilika umbo wala ukubwa. Hali hiyo huwapotosha wengi, kwa kuwa fimbo iliyokaa wiki chache huhisiwa kuwa nyepesi, haionyeshi ufa wowote, na hivyo hudhaniwa kuwa imekwisha kukauka. Mambo hubadilika unyevu unapofika karibu asilimia 30, kiwango ambacho wataalamu hukiita kushiba kwa nyuzi, kwa sababu uwazi wa seli umekwisha kuwa mtupu lakini kuta zake bado zimeshiba maji. Kuanzia hapo kila tone linalotoka hutoka ndani ya ukuta, ukuta hupungua unene, na mti huanza kusinyaa.

Laiti mti ungesinyaa sawasawa pande zote, kusingekuwa na tatizo kubwa, kwani fimbo ingekuwa nyembamba kidogo na mambo yangekwisha. Lakini mti una pande tatu zenye tabia tatu. Kwa urefu husinyaa kiasi kidogo mno, kati ya asilimia 0.1 na 0.3 kwa miti mingi. Kutoka kiini kwenda kwenye ganda husinyaa asilimia kadhaa. Na kwa kufuata mzunguko wa pete za ukuaji husinyaa karibu mara mbili ya hapo. Chukulia fimbo ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 30, iliyokatwa kwenye tawi zima likiwa na kiini chake katikati. Mzingo wake ni takriban milimita 94. Ikiwa mti huo husinyaa asilimia 8 kwa kufuata pete na asilimia 4 kutoka kiini kwenda nje, basi hadi utakapokauka kabisa mzingo utataka kupungua milimita 7.5, ilhali kipenyo kilichopungua asilimia 4 pekee hakiuruhusu kupungua zaidi ya milimita 3.8. Fimbo haikaushwi hadi asilimia sifuri, na ikifika unyevu wa asilimia 15 tofauti hiyo ya karibu milimita 4 huwa nusu yake, lakini hata milimita 2 ni lazima zipate pa kwenda: ama nyuzi zivutike na kuivumilia tofauti hiyo, ama zipasuke katika mstari mmoja unaoanzia kwenye ganda na kuelekea kwenye kiini.

Kuvumilia kunawezekana, na hapa ndipo fimbo inapokuwa na bahati kuliko gogo. Mti unaovutwa kwa nguvu ndogo kwa muda mrefu, ukiwa bado una unyevunyevu, hujilegeza taratibu na kukubali umbo jipya bila kupasuka, na kwa kuwa fimbo ni nyembamba, maji ya kiini chake hayana safari ndefu ya kufika nje. Gogo nene lililoachwa na kiini chake hupasuka karibu kila mara, lakini fimbo yenye unene wa kidole gumba inaweza kukauka nzima ikiwa imeachiwa muda. Muda ndio sharti lenyewe. Fimbo ikianikwa juani, ikaegemezwa kwenye bati au ikawekwa karibu na moto mkali, tabaka la nje hukauka na kutaka kusinyaa huku tabaka la ndani likiwa bado limeshiba na halijasogea, na tabaka la nje lililobanwa hivyo halina njia nyingine isipokuwa kuchanika. Mara nyingine halichaniki, bali hukakamaa likiwa limevutika, na fundi anapokuja kulichonga miezi kadhaa baadaye hushangaa kuona fimbo iliyokuwa imenyooka ikipinda mikononi mwake.

Kwa sababu hizo maandalizi huanza kabla ya shoka. Wakati unaofaa kukata ni kiangazi, hasa kwa miti inayopukutisha majani, kwa maana mti usio na majani haupandishi maji kwa kasi, na ukaukaji wake huanza katika hewa kavu isiyoleta kuvu. Tawi lichaguliwe lenye nyuzi zilizonyooka na vifundo vichache, kwani tawi lililokua kwa kujisokota litaendelea kujisokota likikauka, na tawi lililoota kwa kulala huwa na mbao za mvutano upande mmoja, ambazo husinyaa kwa urefu kuliko kawaida na kuifanya fimbo ipinde kama upinde. Miti inayosifika kwa kazi hii ni pamoja na mkole, ambao matawi yake marefu na yenye kunyumbulika hupendwa na wafugaji, mzeituni mwitu wa nyanda za juu, mkwaju na mpingo. Ikumbukwe pia kwamba kukata mti msituni kunahitaji kibali: nchini Tanzania jambo hilo liko chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na nchini Kenya chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016.

Tawi likishakatwa, jambo la kwanza ni kuziba ncha zake, na lifanywe siku hiyo hiyo. Mirija ya mti huelekea juu na chini, kwa hiyo maji hutoka kwenye ncha kwa kasi inayofikia mara 10 hadi 15 ya ile ya ubavuni, na ncha iliyoachwa wazi hupata nyufa nyembamba kama nywele baada ya siku chache tu, nyufa ambazo huendelea kupanda ndani taratibu bila kuonekana. Kinachotumika kuziba hakihitaji gharama: nta ya nyuki iliyoyeyushwa, mabaki ya mishumaa, rangi ya mafuta au gundi ya mbao iliyopakwa mara mbili, vyote hufaa, mradi tabaka liwe nene na lisiache tundu. Mahali palipokatwa vijitawi napo huzibwa, kwa kuwa kila jeraha ni ncha ndogo. Aidha, tawi hukatwa refu kuliko bakora inayokusudiwa, kwa shibiri moja au zaidi, ili ncha zikipasuka licha ya tahadhari zote kuwe na cha kukata na kutupa.

Ganda liachwe. Kwa mtu mwenye haraka ganda ni kizuizi, na kwa kweli ni kizuizi, lakini ni kizuizi chenye manufaa, kwani hupunguza mwendo wa maji ubavuni na kulazimisha fimbo nzima ikauke kwa kasi inayokaribiana. Ikiwa ni lazima kuliondoa, kwa mfano kwa sababu ya wadudu wanaojificha chini yake, basi fimbo iliyomenywa ihifadhiwe mahali penye hewa tulivu zaidi na isogezwe penye upepo hatua kwa hatua. Rungu au bakora yenye kichwa cha mzizi inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa kichwa hubaki na maji muda mrefu baada ya shina lake jembamba kukauka, na mahali vinapokutana viwili hivyo, yaani shingoni, ndipo nyufa mbaya zaidi hutokea. Fundi mzoefu hukipaka kichwa chote nta.

Mahali pa kukaushia ni kivulini, juu ya ardhi, penye hewa inayopita bila upepo mkali. Chumba chenye madirisha ya nyavu, dari la nyumba ya makuti au ukumbi wa nyuma ulioezekwa hufaa, lakini chini ya bati hapafai, kwani joto la mchana hapo hupanda mno. Fimbo kadhaa zilizonyooka hufungwa pamoja kwa kamba katika mafungu ili kila moja iizuie mwenzake kupinda, kisha fungu hulazwa juu ya vipande vya mbao na kugeuzwa mara kwa mara, na kamba hukazwa upya kadiri fimbo zinavyosinyaa. Njia nyingine ni kuitundika fimbo moja moja na kuifunga uzito chini.

Kuna pia uchaga wa jikoni, ule ulio juu ya meko ya kuni, ambao wakulima wengi huutumia kuhifadhi mbegu za mahindi. Moshi una kazi mbili: hupasha joto la wastani linalotoa maji, na huacha masizi ambayo wadudu huyachukia. Sharti lake ni urefu wa kutosha kutoka motoni na kuanza baada ya fimbo kukaa kivulini wiki kadhaa, kwani tawi bichi likipelekwa moja kwa moja juu ya moshi wa moto hupasuka kama lililoanikwa juani. Watu wa Ireland walifikia ufumbuzi unaofanana sana na huo bila kuhitaji kuambiwa na yeyote: fimbo zao ziitwazo shillelagh, zinazotokana na mti wa miiba wa jamii ya plamu, zilipakwa siagi au mafuta ya wanyama na kuingizwa katika bomba la moshi la nyumba hadi zikauke na kuwa nyeusi.

Swali la muda halina jibu moja. Mafundi wa Ulaya wana kanuni ya mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kanuni iliyozaliwa katika nchi za baridi ambako maji hutoka polepole, na katika joto la pwani au la nyika muda huo unaweza kupungua. Kinachoaminika kuliko kalenda ni mizani. Fimbo hupimwa siku ya kukatwa, uzito wake huandikwa kwa kalamu ya wino juu ya ganda pamoja na tarehe, kisha hupimwa tena kila baada ya wiki mbili. Mwanzoni uzito hushuka kwa kasi, baadaye kidogo kidogo, na vipimo vitatu mfululizo vikitoa uzito ule ule, fimbo imekauka kadiri hewa ya mahali hapo inavyoruhusu. Mizani ya jikoni inayosoma gramu inatosha kabisa, na ni jambo la kusikitisha kwamba kifaa cha bei ndogo namna hiyo hakionekani katika karakana nyingi ambako miti ya thamani huharibika kila msimu.

Maneno kadiri hewa ya mahali hapo inavyoruhusu yana uzito wake. Mti haukauki hadi mwisho, bali hutafuta mizani na hewa inayouzunguka: hewa yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo ni ya kawaida katika mwambao, huuacha mti ukiwa na unyevu wa takriban asilimia 16, hewa ya asilimia 65 huuacha na 12, na chumba cha Ulaya kinachopashwa joto wakati wa baridi, chenye hewa ya asilimia 30, huushusha hadi karibu 6. Bakora iliyokaushwa vizuri Mombasa au Dar es Salaam, kisha ikapelekwa Dodoma, itaendelea kusinyaa kidogo, na ikipelekwa London kukaa karibu na kipasha joto inaweza kupasuka ingawa fundi wake hakukosea lolote nyumbani. Kwa hiyo fimbo inayokusudiwa safari ya mbali imaliziwe katika chumba kikavu kuliko hewa ya pwani, na ipakwe mafuta ya kitani au nta ambayo, ingawa haizuii unyevu kabisa, hupunguza kasi ya mabadiliko.

Adui wa pili baada ya ufa ni mdudu. Mbawakawa watoboao mbao hutaga mayai katika tabaka jeupe la nje la mti, lililojaa wanga ambao ndio chakula cha mabuu wao, na dalili yao ni unga laini unaodondoka kutoka kwenye vitundu vidogo miezi kadhaa baada ya fimbo kuuzwa. Kuilowesha fimbo mbichi katika maji kwa wiki kadhaa kabla ya kuikausha huyeyusha sehemu ya wanga huo na kuwapunguzia wadudu hamu, na kinyume na wanavyohofia wengi, maji hayo ya ziada hutoka kwa urahisi kwa sababu ni maji huru. Kuvu nalo hukoma lenyewe unyevu unaposhuka chini ya asilimia 20, ndiyo maana mafungu yasibanwe ukutani ambako hewa haipiti.

Fimbo chache hukauka zikiwa zimenyooka kabisa, na kunyoosha ni kazi ya baada ya kukausha. Seli za mti zimeshikamanishwa na kiunganishi cha asili kiitwacho lignini, ambacho hulainika joto linapokaribia la maji yanayochemka, kwa hiyo sehemu iliyopinda huwekwa juu ya mvuke au hufukiwa katika mchanga wa moto wenye unyevu, kisha hukunjwa upande wa pili kupita kidogo mstari ulionyooka, kwa kuwa itarudi kiasi, na kushikiliwa hadi ipoe. Mpini uliokunjwa wa bakora hufuata njia hiyo hiyo, ila wenyewe ukunjwe mti ukiwa bado na maji ya kutosha, kwa mvuke wa muda mrefu na juu ya kalibu ya duara, kisha uachwe umefungwa hadi ukauke katika umbo lake jipya.

Mpingo unastahili maelezo yake. Ni mti wa taifa wa Tanzania, mbao yake huzama majini, huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, na ndiyo inayotengenezewa klarineti na zumari za okestra duniani kote. Wachanaji wa mbao za ala hizo huchovya ncha za kila kipande katika nta mara tu kinapotoka kwenye msumeno, kwa sababu mpingo hukauka kwa kusuasua na hupasuka usipotunzwa. Kwa fimbo ya mpingo njia bora ni kuchana kipande kutoka kwenye mbao nyeusi ya ndani, ukiepuka kiini, badala ya kukata mche mchanga mzima; mti mchanga bado ni mweupe sehemu kubwa, na kuukata ni kuiba karne nzima ya ukuaji. Mabaki ya gogo lililochanwa kwa ajili ya ala yangetosha fimbo nyingi. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii nzima ya mpingo husimamiwa na mkataba wa CITES, na vijiji vya Wilaya ya Kilwa vinavyosimamia misitu yao wenyewe vilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu mwaka 2009, jambo linaloonyesha kwamba mti huu unaweza kuvunwa bila kumalizwa.

Inasemwa mara nyingi, na ni kweli, kwamba mti mbichi ni laini na huchongeka upesi, ndiyo sababu wachongaji wengi wanaouza sokoni huuchonga siku chache baada ya kukatwa. Kwa kinyago kinachokaa rafuni madhara yake ni ufa usiopendeza, lakini bakora hubeba mwili wa mtu, mara nyingi mzee ambaye kuanguka kwake kunaweza kuvunja nyonga, na fimbo yenye ufa uliofichwa kwa nta ya viatu si bidhaa ya kuuziwa mtu wa aina hiyo. Kuuza fimbo mbichi kwa jina la fimbo kavu ni udanganyifu, hata kama anayeuza hajui kwamba anadanganya.

Mnunuzi naye ana njia za kujilinda. Kabla ya kutazama nakshi, ageuze bakora na kuzichunguza ncha zake mbili kwenye mwanga. Aigusishe shavuni, kwani mti wenye maji huhisiwa baridi kuliko mkavu. Aigonge kwa kifundo cha kidole asikilize kama inalia kwa sauti kali au nzito. Na amuulize fundi mti ulikatwa lini na ulikaushiwa wapi. Urefu unaofaa hupimwa mtu akiwa amesimama wima amevaa viatu vyake vya kawaida, mikono ikining'inia, kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, na fundi aliyeikausha fimbo yake ipasavyo hatakuwa na wasiwasi wa kuukata urefu huo papo hapo mbele ya mteja.